Damu ya Jogoo

Harufu ya liwa iliyosagwa juu ya jiwe, ikachanganywa na maji ya karafuu, ndiyo iliyonitangazia kwamba mwenzangu mwingine ameniacha. Pale kwetu Isevya, msichana akivunja ungo aliwekwa ndani siku saba, akasingwa liwa, akafundwa na somo wake, kisha akatoka na kanga mpya na macho ya kutazama chini. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, watu wa vijijini wakihamishwa na sisi wa mjini tukipanga foleni kwenye duka la ushirika. Rehema alitangulia, akafuata Zuhura, halafu hata mdogo wangu Asha, ambaye juzijuzi tu alikuwa akinyonya kidole. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, kimo cha mtoto wa darasa la tatu, na shingo pana iliyoshikana na mabega. Wakaniita Kobe, na jina lilinifaa, maana sikupenda kutoka. Bibi alisema mababu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka hapa Tabora hadi pwani na kurudi kwa miguu. Mimi kutumwa sokoni tu niliona safari.

Wote walinicheka isipokuwa mama, na hilo ndilo lililoniumiza. Alipanga foleni tangu alfajiri akapata doti moja ya kanga, akaiweka sandukuni kungoja siku yangu. Ikapita Ramadhani moja, ikapita ya pili. Siku moja nilimsikia uani akimwambia Bi Tatu, somo wetu wa mtaa, "Labda ni mimi, dada. Nikiwa na mimba yake nilianguka, sikumwambia mtu." Bi Tatu akamjibu, "Nyamaza, Mama Hadija. Embe haliivi kwa kutekenywa." Mama hakucheka. Nikajua nisipokuwa mwanamke upesi, mama yangu ataisha.

Siku ya Maulidi baba alichinja jogoo, nikapewa kazi ya kumnyonyoa. Nikachovya upindo wa kanga yangu katika damu, nikaingia chumbani kujilaza na kuguna kama nilivyomwona Asha akiguna. Vigelegele vya mama nadhani vilisikika hadi mtaa wa Chemchem. Bi Tatu akaja, akatazama nguo, akanitazama mimi. "Haya, Kobe," alisema, "hatimaye umetoa kichwa." Siku saba nikasingwa liwa, marufuku kutoka nje, jambo ambalo ningeliomba mwenyewe. Lakini kulikuwa na sharti: kila mwezi ukiandama, mwari aende kwa somo kumwarifu hali yake. Njia ya mwongo ni fupi. Mwezi wa pili jogoo hakuwapo, nikadanganya kwa mdomo.

Mwezi wa tatu wazee wakaja kutoka Ipuli kuniposa kwa niaba ya muuza asali mmoja aliyefiwa na mkewe, aliyetaka mke wa kumzalia. Baba alishaanza kutabasamu. Nikamfuata mama jikoni.

"Mama, ile ilikuwa damu ya jogoo."

"Damu ipi?"

"Ile. Mimi sijawahi."

Aliacha mwiko chunguni, akakaa chini kwenye majivu. Hakunipiga. Alikaa mpaka ugali ukaungua, ndipo akasema, "Mficha uchi hazai, mwanangu. Basi tuufunue."

Tukapanda treni kwenda hospitali kubwa. Daktari alinitazama shingo, viganja na kimo, akauliza maswali mengi kwa upole. Alisema mwili hujengwa kwa kufuata vinyuzi vidogo mno vya urithi viitwavyo kromosomu. Mwanamke kwa kawaida ana mbili za aina ya X, na alidhani mimi nina moja tu. Kwa hiyo ovari zangu, vifuko vya mayai ya uzazi, hazikukua, damu isingekuja yenyewe, na mtoto nisingezaa. Miaka mingi baadaye kipimo kilithibitisha. Mimi nilishajieleza kwa lugha ya foleni: wenzangu walipewa X mbili, nilipofika dirishani mgawo ulikuwa umekwisha. Siku ile, hata hivyo, sikuwa na utani. Mama aliuliza, "Ni kwa sababu nilianguka?" Daktari akajibu, "Hapana, mama. Hutokea tu, hakuna aliyekosea." Tukiwa kwenye treni, uso wake ukiwa dirishani, mama akasema, "Wanasema hivyo ili kutufariji."

Posa ilirudishwa. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikarudi nyumbani kushona nguo, na watoto wa Asha wakaniita mama mkubwa. Nilimweleza mama kwa michoro, kwa punje za maharage, kwa kila njia. Alitikisa kichwa tu na kuniombea dua. Siku zake za mwisho alinishika mkono, akasema, "Nisamehe, Hadija." Nikaanza tena habari za kromosomu, nikaona macho yake yakifa kabla yake. Nikamsamehe.

Siku hizi msichana kama mimi akigunduliwa mapema hupewa dawa za kumwongezea kimo, na homoni za kumkuza awe mtu mzima. Mwezi uliopita jirani aliniletea binti yake, mfupi, shingo kama yangu, akaninong'oneza, "Shikamoo, mama. Mimba yake nilibeba magunia. Ndiyo sababu?" Nikamwambia hapana, hutokea tu, hakuna aliyekosea. Akaniamini papo hapo. Alilia kidogo, akajifuta, akauliza gari la hospitali linaondoka saa ngapi. Hatukuzungumza hata dakika kumi. Na mama yangu, baada ya jibu lile la daktari, niliishi naye miaka ishirini na miwili nyumba moja, asiniamini.