Kimanga cha Mama Mkwe

Tryphena alikuwa amekula vijiko vitatu tu vya kimanga na tayari kifua kilikuwa kimembana. Sahani yake ilibaki na mlima wa muhogo na maharagwe yaliyopondwa, na jamaa wote waliokuja Ronge kwa ubatizo walikuwa wakiitazama.

Upasuaji wa kupunguza tumbo aliufanyia Mombasa, na aliyejua ni mumewe peke yake, Vincent. Wenzake wa kazini Voi walidhani anajinyima. Lakini hapa kwa mama mkwe, mtu akiacha chakula hivyo, ni kama anamshuku mpishi kwa uchawi.

“Chakula changu kina nini?” mama mkwe akauliza.

“Hakina kitu, mama. Nimeshiba.”

“Kwa hicho?” Akaivuta sahani, akachota kijiko kikubwa, akatafuna polepole mpaka akameza. “Nimeanza mimi. Sasa kula.”

Vincent alikuwa ameinamisha kichwa. Kijiko kimoja zaidi na Tryphena angetapika mbele yao, na hapo nani angemtetea huyu mama? Tryphena akainuka, akamshika mama mkwe mkono, akampeleka chumbani. Akafunua blauzi, akamweleza yote.

Mama mkwe, aliyelea watoto sita miaka ya njaa, aliyagusa yale makovu madogo kwa kidole.

“Tumbo lilikuwa na ugonjwa?”

“Hapana, mama. Lilikuwa zima.”

“Na ukawapa walikate.”

“Ndiyo.”

Mama mkwe akaketi kitandani, akageukia ukuta.

“Afadhali ungeniita mchawi.”