Samli Kwenye Kamba ya Jilala

Mwaka wa hamsini na tatu, katika kituo cha mifugo kilichokuwa kwenye njia ya Mhunze, palikuwa na mashine ya kufunga majani makavu yawe marobota, na palikuwa na Jilala. Ukimsikiliza Jilala mwenyewe, vyote viwili vilishuka kutoka meli moja.

Zamani Jilala alikuwa kibarua wa joshoni. Kazi yake kuwashika mafahali pembe na kuwatumbukiza kwenye dawa ya kupe, na jioni alirudi nyumbani akinuka hadi mbwa wake wakimkwepa. Mashine ilipokuja, Mzungu aliyeileta akamfundisha siku chache, akaenda zake. Jilala akabaki na ovaroli, bisibisi kifuani, na cheo cha fundi. Tangu hapo hakumwamkia mtu, aliamkiwa.

"Sindano inapandisha kamba, mdomo unafunga fundo, kisu kinakata," aliwaeleza watu pombeni. "Mzungu alinionyesha, lakini mbinu niliiongeza mwenyewe."

Basi ikakaribia siku ya maonyesho. Bwana Donatus, mkubwa wa kituo, hakumzungusha.

"Jilala, mtemi anakuja na wenye ng'ombe wake. Robota likifumuka mbele yao, unarudi joshoni."

"Bwana, robota langu ulitupe toka hapa, litaangukia Geita halijalegea!"

Ndipo akaanza kujiandaa. Msukuma hafungi ndama kwa kamba kavu. Kamba ya ngozi hupakwa samli, ikasuguliwa mpaka ilainike mkononi. Jilala akaitazama kamba ya katani, ngumu, ina miba miba, akaona haya kwa niaba ya kituo. Mtemi mzima aonyeshwe kamba isiyopakwa mafuta? Akakitwaa kibuyu cha samli cha mkewe, Mbuke, akazipaka kamba zote mbili za mashine hadi ndani ya mafurushi yake. Zikang'aa. Hakumwambia mtu, fundi haanzi kueleza mambo yake.

Siku ikafika. Bujiku, dereva wa trekta la kuendesha mashine, akaliwasha. Mashine ikameza majani, sindano zikapanda, midomo ikazunguka, robota likatoka limenyooka. Jilala akainua mkono kama anayepokea salamu za jeshi. Robota likahema, fundo likaachia, majani yakamwagika miguuni pa mtemi. La pili likafuata mwenzake.

"Hii inafunga au inafungua?" akauliza mzee mmoja kutoka Kishapu.

Jilala akazama mashineni. Akakinoa kisu, japo kilikuwa kikikata vizuri. Akatoa majani yaliyonasa kwenye midomo. Akakaza springi inayobana kamba, akakaza tena mpaka bisibisi ikapinda. Kamba ikazidi kuteleza. Jasho likamshuka, na ndani ya jasho hilo akaiona kazi ya josho ikimwita kwa jina.

Akasimama. "Bwana Donatus, mashine haina kosa. Huyu Bujiku ni wa chama cha ngoma cha Bagalu, na mimi ni wa wapinzani wao, Bagika. Ameitia dawa yao ya ngoma!"

Bujiku akaruka chini. "Mimi? Baada ya mavuno tuliwashinda, mkabaki mnacheza peke yenu, watazamaji wote wakahamia kwetu. Dawa yetu niipotezee kwenye chuma?"

Watu wakacheka, ila mtemi hakucheka. "Jilala, umemtaja mtu kwa uchawi mbele yangu. Lithibitishe neno lako, au lifute."

Wakati huo mbwa wa wageni walikuwa wamejazana kwenye robota lililofumuka. Hawakuyajali majani, walikuwa wakiramba kamba. Mmoja alikuwa ameparamia mashine, ulimi wake uko kwenye mdomo wa fundo, amefumba macho kwa raha.

Mbuke akatoka katikati ya wanawake, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Baba Sikujua! Mbwa hawa wanaramba nini?"

Jilala akaishika kamba. Ikamponyoka. Akanusa vidole, akavificha nyuma ya mgongo.

"Samli yangu!" Mbuke akapiga kelele. "Samli niliyoisukasuka mimi, umeipaka mashine! Ilikuambia ina ngozi kavu?"

Hata mtemi safari hii alishika mbavu.

Jilala akaenda stoo akaleta kamba mpya, kavu. Akafuta midomo kwa kitambaa cha mafuta ya taa, akalegeza springi alizozikaza ovyo. Robota likatoka, likatua, likakaa. Bujiku akalipiga teke, halikutikisika. Vigelegele vikapanda.

"Umeona, Bwana?" Jilala akasema, kifua kimerudi. "Nimeipata hitilafu!"

"Umeipata," akajibu Donatus. "Sasa mfutie Bujiku neno lako, halafu umvulie ovaroli."

Akalifuta, kwa sauti ndogo sana. Mtemi akamtaka alirudie, akalirudia. Ovaroli ilimbana Bujiku tumboni, lakini aliivaa.

Haikupita wiki, wachungaji waliokuja joshoni walikuta mafahali wakisimamishwa mstarini na mtu mmoja anayenuka dawa, akiwaeleza kwamba kuna namna ya kumwingiza ng'ombe majini, na kwamba Mzungu aliyechimba josho lile hakuijua.