Mshahara Niliokata kwa Mkasi

Nyinyi wa darasa la sita mnaobandika stempu kwa ute wa ugali, ketini niwaeleze kazi hii ilivyofanywa zamani, yaani mwaka juzi, kabla sijastaafu. Sasa niko kidato cha pili na mgongo unaniuma.

Siku ya kwanza niliripoti kwa Mkurugenzi, Mutisya wa nyumba ya pili hapa Makongeni. Alikuwa mkurugenzi kwa sababu kibano kilikuwa chake, kile cha dada yake cha kung'olea nyusi. Alinikagua vidole kama mwalimu wa zamu.

"Hivi vimeshika mandazi. Mafuta huua stempu. Kanawe, halafu usiguse kitu."

Wiki nzima sikugusa kitu. Kisha nikapandishwa cheo, nikapewa karai. Unakata pembe ya bahasha, unailaza kwenye maji ya uvuguvugu, unangoja stempu ijiachie yenyewe. Huvuti. Unaianika juu ya gazeti, kisha unaikandamiza chini ya Biblia ya mamake Mutisya. Jumapili kazi ilisimama, maana mashine ilikwenda kanisani.

Likizo ya Agosti nilihamishiwa Umoja, kwa shangazi. Mtaa ulikuwa mpya hivi kwamba barua zilikuwa hazijaujua. Nilirudi na stempu moja, ile niliyokwenda nayo.

Jambo moja tu nilimpinga Mkurugenzi: bawaba, yaani kikaratasi chepesi chenye gundi, kinachokunjwa katikati, nusu inashika stempu, nusu inashika albamu.

"Stempu ina mgongo," alisema. "Siku moja utataka kuuona."

Niliona ni maringo. Nyumbani nilitumia gundi ya unga wa ngano, inayoshika kama kupe.

Sasa, jirani yetu wa ukuta mmoja ni Mama Kamau. Mwanawe alikuwa akisoma India. Macho ya mama yalikataa herufi ndogo, basi nilimsomea barua, mshahara wangu ukiwa stempu. Ijumaa moja ikaja erogramu, ile karatasi ya buluu inayojikunja ikawa bahasha yenyewe, stempu ikiwa imechapwa papo hapo. Nikasoma: "Mama, nimemaliza. Narudi nyumbani." Hakungoja zaidi. Alipiga vigelegele akatoka kuwatangazia majirani. Mimi nikashika mkasi, nikakata mshahara wangu, nikaubandika kwenye ukurasa wangu bora, pamoja na stempu kumi na moja za nchi za mbali, ikiwemo ya ndovu mwekundu.

Jioni aliniita.

"Hebu nisomee tena, mwanangu. Nikampokee uwanja wa ndege, Embakasi, siku gani?"

"Nitafika siku ya..." nikasoma, kisha nikamwona Mama Kamau kupitia tundu la mraba.

"Siku ya nini?"

"Inaendelea kwa albamu yangu, mama."

Alikaa kitandani. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

"Miaka mitatu," akasema polepole. "Afike asinione?"

Nilikimbia na albamu kwa Mkurugenzi. Alijaribu kuinua ule mraba kwa kibano, haukutikisika.

"Tukitumia wembe tutapasua maneno. Ukurasa wote uingie majini."

"Na zile zingine? Si zitachuja rangi?"

"Mathe wa Kamau anangoja, buda. Chagua."

Niliutumbukiza mwenyewe. Ndovu wangu mwekundu alikuwa wa kwanza kupauka, maji yakawa kama strungi, chai isiyo na maziwa. Hatimaye mraba ukaelea. Mutisya akaupindua kwa kibano. Wino wa biro ulikuwa umeshikilia: "Jumapili ya pili ya mwezi, asubuhi."

"Hiyo ni keshokutwa," akasema.

Jumapili Mama Kamau alifika Embakasi kabla ya ndege, na kabla ya wenye ndege. Mimi nikastaafu, bila sherehe.

Ule mraba niliurudisha kwenye tundu lake, safari hii kwa bawaba, unafunguka kama mlango. Mama Kamau huufungua kuwaonyesha wageni ile siku, halafu hunielekezea kidole.

"Huyu ndiye msomaji wangu," huwaambia. "Mpeni chai. Msimpe mkasi."