Kukusanya Tumbo: Kazi Yangu na Akina Mama wa Ziwa Mweru

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa ndoo wala bandeji. Nilipewa kitanda. Sista Mkuu wa kliniki ya wazazi pale Nchelenge alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi miguu yangu isiyo na viatu, akapiga godoro kwa kiganja.

"Monika, panda hapa. Leo weye uko mugonjwa."

Nilidhani ameona ugonjwa usoni mwangu. Nikapanda. Aliniambia nilale chali, nikunje magoti, nyayo zikae bapa juu ya shuka, kisha ninyanyue kichwa kidogo kama mtu anayetaka kuchungulia vidole vyake vya miguu. Akaweka ncha za vidole vyake juu ya kitovu changu, akabonyeza taratibu.

"Vizuri," alisema. "Mulango yako imefunga. Kesho utagusa ya wengine, na utajua tofauti."

Hivyo ndivyo nilivyoanza, miaka ya hamsini, kabla nchi yetu haijapata jina ililo nalo leo. Nilikuwa msichana ambaye hajaolewa, na kazi niliipata kwa sababu ya ulimi wangu. Baba yangu alikuwa akipeleka samaki wakavu kuuza upande wa Kongo, nami nilikua nikimfuata, kwa hiyo Kibemba nilikuwa nacho kwa mama na Kiswahili kwa soko. Sista Mkuu alikuwa muzungu aliyefanya kazi miaka mingi ng'ambo ya ziwa. Kiswahili chake kilikuwa cha huko huko, kizuri na cha haraka, lakini Kibemba chake kiliishia kwenye salamu. Akina mama waliokuja kliniki wengi wao walijua Kiswahili cha kuuzia samaki tu. Nikawa daraja kati yao.

Ninyi vijana mnaosomea kazi hii mna vitabu vyenye picha za rangi. Sisi tulifundishwa kwa mikono. Niwaeleze kwanza tulichokuwa tukikitafuta pale juu ya kitovu, ili mengine yote yaeleweke.

Mbele ya tumbo kuna misuli miwili mirefu inayoshuka kutoka mbavuni hadi kwenye mfupa wa kinena, mmoja kulia na mmoja kushoto. Katikati yake kuna ukanda mwembamba, mgumu, unaoiunganisha. Mtoto anapokua tumboni, ukanda huo hutanuka na misuli husogea pembeni kumpisha. Hilo si ugonjwa. Mwili unafanya adabu ya kumpokea mgeni. Baada ya kuzaa, kwa akina mama wengi misuli hurudi yenyewe polepole. Kwa wengine ukanda hubaki umelegea. Hapo mama akinyanyua kichwa, vidole vyako vinazama katikati kama vimeingia kwenye unga, na tumbo linatokeza mgongo mrefu kama mtumbwi uliopinduliwa. Mama wa namna hiyo huumwa kiuno, hushindwa kutwanga mihogo, huogopa kujitwisha kapu. Na tumbo lake hubaki limejaa, kama vile hajazaa.

Hilo la mwisho ndilo lililomponza Bana Chanda.

Bana Chanda, yaani mama yake Chanda, alitoka kisiwa cha Kilwa, katikati ya ziwa letu. Alikuwa amezaa mapacha wakubwa, wote wazima. Mume wake, Mwansa, aliondoka kwenda kufanya kazi kwenye migodi ya Kongo muda mfupi baada ya kuwaona. Miezi ikapita, watoto wakaanza kukaa, lakini tumbo la mama yao halikupungua. Kwetu, mwanamke kushika mimba kabla hajamwachisha mtoto ziwa ni aibu. Kuishika wakati mume yuko mbali si aibu tena, ni kesi. Watu wa kisiwani walianza kuhesabu kwa macho, na anayehesabu kuliko wote alikuwa mama mkwe wake, Bana Mwansa.

Ndiye aliyemleta kliniki. Alikuwa mwanamke mnene, mchuuzi wa samaki mwenye sauti ya kuita wateja kutoka majini. Hakumleta mkwewe atibiwe. Alimleta ili Sista aseme mbele yake kuna nini ndani ya tumbo lile.

Kwa kuwa Bana Mwansa alijua Kiswahili cha soko vizuri, Sista alifurahi sana kuzungumza naye moja kwa moja. Mimi nilikuwa chumba cha pili nachemsha vyombo, nikiwasikia kupitia mlango.

"Hakuna mutoto ndani," Sista alisema baada ya kumpima Bana Chanda. "Ni misuli tu imeachana. Usiogope, mama. Tutafunga hii tumbo."

Nikasikia kiti kikisogezwa kwa nguvu.

"Mutafunga tumbo?" ilikuwa sauti ya Bana Mwansa. "Ya bibi ya mutoto wangu?"

"Ndiyo! Tutafunga muzuri kabisa!"

Nilitoka mbio na mikono ikichuruzika maji, lakini nilikuta kitanda kitupu. Kupitia dirishani nilimwona Bana Mwansa akishuka kwenda ufukweni na pacha mmoja mgongoni, akimvuta mkwewe mkono. Bana Chanda alikuwa akilia bila sauti.

Sista alisimama akishangaa. "Nimesema nini, Monika?"

Ilibidi nimweleze. Kwake, kufunga ni kama kufunga mlango ulioachwa wazi, au kufunga kidonda kwa bandeji. Lakini kwa akina mama wa ziwani, kumfunga mwanamke tumbo kulikuwa na maana moja tu: kumfanyia dawa asizae tena. Bana Mwansa alikuja na shaka ya mimba ya wizi, akaondoka akiamini kwamba muzungu ataificha mimba hiyo na kumharibia mwanawe ukoo kwa mara moja.

Wazungu wengine wa wakati ule wangecheka, wakasema hawa watu ni wajinga. Yeye aliketi juu ya kitanda kile kile, akavua miwani, akayafuta macho.

"Neno yangu ndiyo ilimufukuza," alisema. "Basi sisi ndio tutaenda."

Habari zilizofuata zilitufikia sokoni. Wajomba wa Bana Chanda walikuwa wameitwa waje kisiwani. Mwansa alikuwa njiani kurudi. Akifika, kesi itakaa, na kama tumbo lile halijapata maelezo mengine, mpwa wao angerudishwa kwao. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Walimwacha tu apike peke yake, ale peke yake. Ninaandika haya mjue kwamba kazi yetu haikuwa ya kurembesha viuno.

Tulivuka asubuhi, ziwa likiwa tulivu. Sista alishikilia kofia yake kwa mkono mmoja na ubao wa mtumbwi kwa mkono mwingine, akirudia chini chini maneno ya Kibemba niliyomfundisha. Tulimkuta Bana Mwansa kwenye vichanja akigeuza samaki. Sista alipiga magoti mbele yake na kupiga makofi polepole, kama mkwe anavyofanya. Wanawake waliokuwapo walishika midomo.

"Mwapoleni, mayo," alisalimu, akimwita mama kwa lugha yetu.

Bana Mwansa hakuwa mtu wa kumwacha mgeni magotini. "Inuka, inuka, utachafua gauni," alisema. "Lakini tumbo hamufungi."

"Hatufungi," nikasema mimi kwa Kibemba, nikamweleza yote kuhusu misuli miwili na ukanda wa katikati. Alisikiliza akiwa amenikunjia uso.

"Weye mutoto hujazala hata panya," alinijibu. "Unajua nini ya tumbo?"

Wanawake wakaangua kicheko. Nilitamani ziwa linimeze. Lakini Sista alikuwa amekwisha kutandika mkeka ndani ya nyumba. Alimwomba Bana Chanda alale, akunje magoti, anyanyue kichwa. Mgongo wa mtumbwi ukatokea katikati ya tumbo. Bana Mwansa akapiga mapaja.

"Muone! Mutoto huyo amesimama!"

"Mayo," Sista alisema kwa upole, "weye umezaa bangapi?"

"Tisa. Wote kwa bwana mumoja."

"Tafadhali, lala pia."

Alikataa. Wenzake wakamchokoza: labda mayo anaogopa kukutwa naye ana siri. Hilo hakuweza kulivumilia. Akalala kwa kishindo, akakunja magoti, akanyanyua kichwa, na katikati ya tumbo lake kubwa ukatokea mgongo ule ule, mrefu, kutoka kifuani hadi kitovuni. Sista aliuchukua mkono wake mwenyewe akauweka pale. Vidole vikazama.

Bana Mwansa alijigusa, akamgusa mkwewe, akajigusa tena. Kisha akatazama dari.

"Awe, mayo!" alisema. "Basi na mimi niko na mimba? Na bwana yangu alikufa zamani!"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile, na Bana Chanda alicheka kuliko wote, akalia, akacheka tena. Mama mkwe wake alimshika kichwa akakiweka begani kwake. Hakusema samahani. Alisema, "Leo utakula kwangu."

Tulibaki kisiwani tukiwafundisha, nami nitawapa hapa kile tulichowapa, kwa kuwa bado ni kizuri.

Mwanzo ni pumzi. Mama analala chali magoti yakiwa yamekunjwa, anavuta pumzi mbavu zipanuke, kisha anaitoa polepole kupitia mdomoni huku akivuta kitovu ndani kuelekea mgongoni. Wakati huo huo anabana chini, kama mtu anayezuia mkojo, kwa sababu misuli ya chini ya nyonga na ya tumbo ni ndugu. Asibane pumzi. Hilo akilizoea, anapeleka kiuno kibonyee mkekani na kukiachia. Baadaye anatelezesha kisigino kimoja mbele na kukirudisha, tumbo likiwa bado limetulia. Tumbo likitokeza ule mgongo, ujue zoezi limemzidi. Arudi nyuma, hakuna haya. Kuinuka kutoka kitandani ajilaze kwanza ubavuni, ajisukume kwa mkono. Makapu mazito na mchi vingoje, na anapobeba kitu atoe pumzi anapokiinua. Kitenge cha kiunoni kinampa mama nguvu ya kusimama siku za mwanzo, lakini kisikazwe hadi ashindwe kupumua, wala asidhani chenyewe ndicho kinachomjenga. Na uvimbe mgumu wa kitovuni wenye maumivu si wa kufanyia mazoezi. Mwenye huo mpelekeni kwa daktari.

Mambo haya ni madogo, na udogo wake ndio unaowakatisha watu tamaa. Mama anataka dawa ya kunywa. Mwambieni awe na subira, na msifieni kila anapopata kidogo.

Jina tulipewa na Bana Mwansa. Alikuwa akimtazama mkwewe akivuta kitovu ndani, pande mbili za tumbo zikisogeleana, akasema kwa Kiswahili chake cha soko, ili Sista asikie: "Hii si kufunga. Hii ni kukusanya. Kama wavu: unavuta huku, unavuta huku, inakutana katikati." Tangu siku hiyo Sista hakutumia tena neno lile jingine. Mwansa aliporudi kutoka Kongo, wajomba waliokuja kwa kesi walikuta samaki na ubwali, ugali wa kwetu, wakala, wakarudi kwao. Miezi kadhaa ya kukusanya, na Bana Chanda alikuwa akitwanga tena.

Baadaye nilihamishiwa Chienge, chini ya Mganga Msaidizi, mwanamume msafi, mkali, aliyeamini kwamba mzazi anatakiwa kulala tu. "Mazoezi ni ya askari, Monika," aliniambia. Sikubishana naye, nilifundisha waliokubali. Mke wake alipojifungua, Mganga aliniita pembeni, akakohoa kidogo. "Yale mambo yako ya kiaskari," alisema, "kamfundishe na mama pale nyumbani." Nilimheshimu zaidi tangu siku ile. Mtu mkubwa kubadilisha mawazo yake si jambo jepesi.

Nilistaafu nikiwa na mikono ileile iliyofundishwa na Sista, ila sasa ina mikunjo. Watu huniuliza nilijivunia nini. Sikujenga hospitali wala sikupata nishani. Nilifanya kazi na mwanamke aliyepiga magoti kwenye magamba ya samaki kulirekebisha neno moja, na nilifanya kazi na akina mama ambao walipoelewa, walifundishana bila kutungoja. Mkiwa kazini, kabla hamjamgusa mama, sikilizeni anavyoliita tumbo lake.

Siku moja, kabla sijahamishwa, Sista akiwa bado nasi, tulisikia kelele ufukweni Nchelenge. Mtumbwi kutoka Kilwa ulikuwa ukija, na Bana Mwansa amesimama mbele, kinyume cha akili yoyote. Mapacha, sasa wamekua, walikaa katikati wakila miwa. Nyuma yao alikaa Bana Chanda, mkono mmoja mgongoni, uso ukiwa umekunjamana kwa uchungu na kicheko kwa pamoja, tumbo lake likiwa limejaa duara.

Bana Mwansa hakungoja mtumbwi uguse mchanga.

"Sista!" aliita kwa sauti yake ya soko. "Monika! Leo musikusanye kintu! Leo ni mutoto wa kweli!"