Siku Nilipompa Marehemu Onyo

Chekeni tu, lakini aibu niliyoipata pale mtaani kwetu Chaani, jamani, mpaka leo inanipitisha njia ya nyuma nikienda kanisani, na yote ililetwa na safu moja ya Excel niliyodhani haina kazi.

Tuna chama cha kuzikana. Katibu wake miaka yote ni Mama Kadzo, na ofisi yake nzima ni daftari lililofunikwa kwa gazeti. Mimi, karani wa yadi ya makontena (cheo ninachokitaja hata nisipoulizwa), niliutaka ukatibu huo kwa roho yote, nikaahidi kwamba siku ya uchaguzi nitaita majina kutoka kwa kompyuta. Kila mwanachama alikuwa amejaza fomu kwenye simu, jina lake na marehemu wake waliozikwa na chama, na nilipoyapakua majibu ikaja faili ya mabano na nukta mbili, mstari mmoja mrefu usio na mbele wala nyuma. Nikaitia kwenye tovuti ya bure ya kugeuza faili kuwa jedwali, ikaniuliza kama kila jina lipewe mstari wake, nikakubali bila kusoma, jedwali likatoka safi, ila lilizidi upana wa karatasi, basi nikafuta safu ya mwisho iliyoandikwa "Hali" (hai au marehemu, nani aliangalia?), nikapanga majina kwa alfabeti, nikachapisha.

Jumapili baada ya ibada nikasimama, shati limepigwa pasi mpaka linakata.

"Ndugu zangu, chama kimekua! Tulikuwa arobaini, sasa tuko sabini!"

Wakapiga makofi huku wakitazamana. Nikaanza kuita, na asiyeitika nikamtangazia onyo papo hapo, maana katibu wa kisasa hana mchezo.

"Karisa Ngala!" Kimya. "Karisa Ngala, barua ya onyo!"

Mama Kadzo akainuka polepole. Karisa alikuwa mumewe.

"Mwanangu, hiyo barua wampelekea wapi? Maana ukimpata, mwambie paa lavuja."

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Ningeketi hapo ningepona, lakini mimi nikabisha: "Mama, kompyuta inasema ni mwanachama." Mwenyekiti, mzee mpole, akaichukua karatasi mkononi mwangu, akashusha kidole, kikasimama.

"Na huyu Nyongesa Wafula? Naye tumpe onyo?"

Nyongesa Wafula ni baba yangu. Hao hao waliokaa mbele yangu ndio waliomsindikiza kwa basi mpaka Bungoma tukamzike. Kicheko kikakatika, nami nikaona haya hadi masikio yakawaka.

Mama Kadzo akarudishwa kitini bila hata kura. Mkutano ulipovunjika akaniita, akanifunulia daftari ukurasa wa baba: jina, siku ya safari, waliosindikiza, na pembeni kwa kalamu nyekundu, "Mtoto wake hajala tangu jana. Apelekewe uji." Uji ule naukumbuka. Sikuwahi kujua nani aliutuma.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa juu ya paa lake na nyundo, nikiapa kwa kila msumari kwamba sitafuta tena safu nisiyoisoma.