Nilikataa Kupasha, Mama Mkwe Akainamia Korosho Zangu

Jamani, kosa ni langu, sitafuti wa kumsingizia. Jina sitaji, na ya wengine nimeyabadilisha, maana hapa Mkunya nimeshachekwa vya kutosha.

Mimi ni mkulima wa korosho, na jioni nachezea timu yetu ya maveterani. Kitambi kipo, sikatai, ila nina kasi. Hata wasionipenda wanakubali.

Nahodha wetu, Baba Zuhura, alikuwa na tabia iliyoniudhi. Kabla ya mechi lazima mpashe mwili. Mnakimbia taratibu kuzunguka uwanja, mnazungusha viuno, mnanyanyua magoti, mnanyoosha mapaja mpaka jasho lianze kutoka. Wenzangu walitii. Mimi nilikaa kwenye nguzo ya goli nafyonza bibo, lile tunda la mkorosho, nawauliza kama wanajiandaa kwenda kucheza ngoma ya harusi.

Nilikuwa na sababu zangu. Tangu asubuhi nimefyeka majani chini ya mikorosho, mwili umeshapashwa na panga, sasa nikimbie tena kwa nini? Ujinga wangu mimi! Baada ya kufyeka nilikula ugali wa muhogo nikalala. Uwanjani nilifika mwili umepoa kabisa.

Na mpira wenyewe nilikuwa nimekatazwa. Mke wangu, Mama Salima, alisema wazi kwamba korosho zinaanguka, mawingu yanajikusanya, na zikinyeshewa chini zinaharibika. Kuokota ni kuinama kutwa, na tuko wawili tu. Nikamwambia naenda kumwona mtu mara moja.

Mtu mwenyewe alikuwa maveterani wa Chiwata, tena Chiwata ndiko nilikooa.

Mpira wa kwanza kupigwa mbele, nikachomoka. Nikasikia pah! nyuma ya paja, nikajua nimerushiwa jiwe. Nikageuka nimwone mshenzi aliyerusha. Hakuna mtu! Nikaanguka mwenyewe, bila kuguswa, mbele ya mashemeji zangu.

Zahanati wakaniambia nyama za paja zimechanika. Nipumzike, nisikandwe kwa nguvu, na kuinama nisahau kwa muda. Wenzangu niliwaapisha wafunge midomo, kisha nyumbani nikasema nimepita shambani, nimekanyaga mabibo, nikateleza.

Mke wangu alinihurumia mpaka nikajisikia vibaya. Kidogo. Halafu akampigia simu mama yake aje kusaidia kuokota.

Hapo ndipo nilipoona balaa. Kwetu mkwe ni heshima kubwa. Hatutazamani usoni, hatuli pamoja, na tangu nioe, mama yule alikuwa hajawahi kunisemesha moja kwa moja. Akiwa na neno, hulipitisha kwa binti yake.

Alikuja na kitenge chake kiunoni, akaingia chini ya mikorosho yangu. Mimi barazani, mguu juu ya mto, naona mgongo wa bibi wa watu umepinda tangu jua linachomoza. Kila akiinuka anajishika nyonga. Niliona aibu, jamani, aibu inayouma kuliko paja! Lakini mdomo sikuufungua.

Siku nahodha alipokuja kunijulia hali, alimwamkia mama mkwe kwa adabu zote. Mama akaitikia, akaendelea kuokota. Kisha akasema, kwa sauti ya kunifikia barazani:

"Mama Salima, mwulize mwenzio, mabibo aliyoteleza yalikuwa ya shamba lipi? Maana sisi Chiwata tulimwona ameteleza uwanjani."

Mke wangu akaweka kikapu chini. Alinitazama mimi, akamtazama nahodha, na nahodha akawa anasoma kucha zake.

"Mama, kumbe ulijua, na bado ukaja kuokota?"

"Nimekuja kukusaidia wewe. Yeye sikuja kwa ajili yake."

Sikupata pa kuuweka uso wangu. Nikakiri yote, mpaka habari za kukaa kwenye nguzo. Mke wangu hakunigombeza. Aliinua kikapu chake, akarudi chini ya mikorosho kuokota na mama yake.

Nahodha, kwa kuwa naye alificha, akaleta timu nzima kesho yake. Kabla ya kuokota akawapanga chini ya mikorosho, wakapasha. Mama mkwe akajiunga, akawa anazungusha kiuno kuliko mabeki wetu wote! Mimi nilikaa kwenye kigoda nawahesabia. Korosho ziliingia ndani kabla ya mvua, ila msimu wa mpira nilimalizia kwenye kile kigoda.

Sasa nawaambia wenzangu, hasa nyie wenye vitambi na kasi, mazoezi msiache, yana faida. Lakini jembe na panga si kupasha. Ukifika uwanjani anza taratibu, amsha miguu ndipo ukimbie. Ukiumia, sema ukweli siku hiyo hiyo.

Juzi nimeruhusiwa kurudi. Wenzangu wakaanza kuzunguka uwanja, mara simu yangu ikaita. Namba ya mama mkwe, kutoka Chiwata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepasha?"

Miaka yote ya ndoa, hilo ndilo neno la kwanza kuniambia mwenyewe. Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale kwenye nguzo ya goli! Nikanyanyuka, nikaanza kukimbia taratibu. Na wewe unayesoma, nyanyuka, kabla mama mkwe wako hajapewa namba yako.