Mtoto Asiyepewa Aksanti

Katika mtaa wao mjini Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, Mama Julienne alijulikana kwa mambo mawili: ndagala zake, dagaa zisizo na mchanga, na watoto wake wanaojua kushukuru.

Kila jioni, kabla ya mkono wowote kugusa bukari, ugali wao, watoto wake wanne walipiga magoti, wakakunja viganja na kupiga makofi matatu, polepole. "Aksanti Papa kwa samaki. Aksanti Mama kwa bukari." Aliyenong'ona alirudia. Aliyefanya haraka alitazama wenzake wakila mpaka ajirekebishe. Majirani walisifu, na Mama Julienne alipenda kusifiwa.

Bukari yenyewe ilisongwa na Clémence, kifungua mimba, mwenye miaka kumi na miwili. Ndiye aliyeteka maji na kutwanga sombe, majani ya muhogo. Mama alishinda ufukoni akianika ndagala. Alirudi chakula kimeiva.

Jioni moja Landry, kitinda mimba wa miaka minne, alimaliza makofi ya wazazi, akageuka na kumpigia dada yake mengine.

"Aksanti, yaya Clémence. Sombe iko tamu."

Mama Julienne alicheka. "We Landry! Yaya hapewi aksanti. Kazi ya nyumba njo kazi yake. Ukimuzoeza hivyo, kesho atakataa kuosha sufuria!"

Wote wakacheka. Clémence naye alicheka, kisha akainuka kuosha sufuria kabla hajala. Landry hakurudia tena. Alikuwa mtoto msikivu.

Miaka ishirini ikapita. Papa Zacharie, mumewe, alifariki, watoto wakatawanyika. Mwaka huu Mama Julienne alialikwa kula kwa Landry, ambaye sasa ana mke na watoto. Wajukuu walipiga magoti, wakakunja viganja, wakamshukuru baba yao. Mke wa Landry alisimama mlangoni, mwiko mkononi, jasho likimtoka. Mama Julienne alingoja hata mmoja wao amgeukie mama yake. Hakuna aliyegeuka. Mama Julienne akarudisha tonge sahanini.

Kwa hiyo Clémence alipofika kwa treni kutoka Kabalo, kukaa wiki moja, mama yake alikuwa ameshaamua. Hataondoka hajaambiwa aksanti.

Hata vumbi la safari Clémence hakuliosha vizuri. Alikuwa tayari kwenye mbabula, jiko la makaa, anapika. Alipotenga chakula, Mama Julienne aliteremka kitini, akapiga goti lake bovu, akakunja viganja.

"Aksanti, Clémence. Ya leo na ya zamani yote."

Clémence aliangalia mlangoni, kama kuna mgeni. Kisha akaweka sahani chini na kumshika mama paji la uso.

"Mama, uko mugonjwa?"

"Siko mugonjwa."

"Papa naye alianza kuaga hivi hivi. Usinifiche."

"Nakushukuru tu, mwanangu."

"Kunishukuru kwa nini? Si sombe tu?"

Mama Julienne akaanza kumwelezea jioni ile, na Landry, na kicheko. Clémence alisema hakumbuki. Alisema haraka mno, akimshika mama kwapani na kumrudisha kitini.

Asubuhi alileta pikipiki mlangoni, akampandisha mama, akampeleka kwenye zahanati. Mama Julienne hakubisha. Muuguzi alipouliza anaumwa wapi, binti alijibu kwa niaba yake: "Anaongea maneno ya kuaga."

Mama Julienne alinyoosha mkono, akaacha wampime.